Injini Kubwa, Breki Zile Zile



Juma hili nataka tuzungumze habari ya injini. Najua wapo watakaosema mambo ya spana waachiwe mafundi. Lakini mkazi yeyote wa Mwanza anayepita Nyakato kwa barabara ya Musoma anajua kwamba pale mambo ya spana ni mambo ya kila mtu. Ukiacha lami tu ukaingia upande wa viwanda, unakutana na gereji moja baada ya nyingine, zenye vibao na zile tunazoziita gereji bubu, ambazo kibao chake ni tairi kuukuu lililosimikwa chini. Humo injini zinaning'inia kwenye minyororo kama nyama buchani, na chini yake gari limefunuliwa linasubiri. Siku hizi injini iliyochoka mara nyingi haitengenezwi tena. Hung'olewa, ikawekwa nyingine ya mtumba iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam. Na mwenye gari akishaamua kubadili, ni nadra kutaka saizi ile ile aliyokuwa nayo. Anataka kubwa zaidi.

Ombi lake kwa fundi ni moja: "Nataka gari livute." Sina ugomvi na ombi hilo. Anayepanda mlima kwa gia ya kwanza huku malori yakimpigia honi nyuma ana haki ya kutaka nguvu. Ninachotaka kusema leo ni kwamba gari likiongezwa uwezo wa kwenda, lazima liongezwe na uwezo wa kusimama, na katika mapatano mengi ya gereji habari ya kusimama haimo kabisa.

Nitawapa mfano ulio karibu nami. Nina jirani, mzee mstaafu, aliyekuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka mingi katika wilaya za kanda hii ya ziwa. Nitamwita Bwana Mifugo, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita hata leo. Alipopata kiinua mgongo chake hakujenga fremu za maduka kama wenzake. Alinunua Toyota Hiace kuukuu ya dizeli, ya namna ambayo wengi wetu hatujaizoea: paa limeinuliwa mtu mzima anasimama wima ndani, kuna kitanda cha kukunja, jiko la gesi la plate mbili, karo dogo na tangi la maji. Ni gari-nyumba. Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya kwenda kupumzika milimani na familia. Watoto wa mtaani kwetu wanaiita "Gesti".

Bwana Mifugo hapumziki nayo. Yeye na mkewe wanazunguka minada ya ng'ombe wakiuza dawa za mifugo: za minyoo, za kuogeshea, mabomba ya kunyunyizia, na ushauri wa bure juu yake. Magu, Misungwi, Bunda. Mara moja moja huenda Sengerema na Geita, siku hizi kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, mahali ambapo zamani walikuwa wakikaa foleni ya kivuko na mama akachemsha chai humo humo ndani. Na kila mwezi huenda Tarime, ambako ndiko wateja wake wakubwa waliko. Mnada ukianza alfajiri, wao wamekwisha lala pale pale uwanjani. Hawalipi nyumba ya kulala wageni, na dawa hazikai kwenye stoo ya mtu mwingine. Biashara yao yote, ndugu wasikilizaji, imo ndani ya lile gari, na nusu ya maisha yao pia.

Sasa tabu ilikuwa Tarime. Ukishavuka mto Mara pale Kirumi, safari inaelekea nchi ya juu, na Gesti ilikuwa ikipanda kwa gia ya pili, baadaye ya kwanza, moshi mweusi nyuma, sindano ya joto ikinyanyuka mbele. Injini yake ilikuwa ile inayoitwa 2L, ya sentimita za ujazo 2,446, bila turbo. Ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi themanini na ushei. Ikumbukwe pia kwamba sisi huku hatuishi usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na milima ya Tarime iko juu zaidi. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa hiyo farasi wale themanini, hata kabla ya kuzeeka, baadhi yao waliachwa Dar es Salaam bandarini.

Mzee akaipeleka Nyakato, nami nikafuatana naye, kwa kuwa penye gereji huwa sikosi.

Kijana aliyetupokea alikuwa mwerevu na mwenye adabu. Alimwamkia mzee, akazunguka gari mara moja, akasema: "Mzee wangu, hapa tuweke 1KZ tumalize kesi." Kwa wasiojua, 1KZ ni injini ya Toyota ya silinda nne, ujazo wa sentimita 2,982, yenye turbo, na ile inayoongozwa kwa umeme hutoa farasi karibu 130. Kijana alieleza hoja yake vizuri. Turbo hulazimisha hewa kuingia, kwa hiyo urefu wa mlima hauisumbui sana. Injini yenyewe ipo, imewahi kufungwa kiwandani katika Hiace za baadaye, na mzee angepanda Tarime kwa gia ya nne. Nilimwona Bwana Mifugo macho yakimng'aa.

Alikuwepo fundi mwingine, mtu mzima, ameketi juu ya betri bovu anakunywa uji. Hakuinuka. Aliuliza swali moja tu: "Bwana Mifugo, hili gari breki ulifanya lini?"

Mzee hakuwa na jibu la mara moja. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka ndani ya gari kwamba ni kabla ya mjukuu wao wa pili kuzaliwa, na mjukuu huyo alikuwa amekwisha anza shule.

Hebu tutulie hapa kidogo tufanye hesabu, maana hesabu hii haina fundi wala mwanasiasa anayeweza kuibadilisha. Gari lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa, sasa likaenda 80, mwendo wake umeongezeka kwa theluthi moja. Lakini joto ambalo breki zinapaswa kulimeza ili lisimame halikuongezeka kwa theluthi. Limeongezeka kwa zaidi ya robo tatu, kwa kuwa nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachotembea hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Diski za mbele na ngoma za nyuma za gari lile zilipimwa kiwandani kwa gari la farasi themanini. Ukileta farasi 130 ukaziacha breki zile zile, umemwajiri mkimbiaji ukamvisha viatu vya mtoto.

Kuna jambo jingine dogo ambalo yule fundi wa uji alilieleza, na nililipenda. Katika gari la petroli, kile kinachokusaidia kukanyaga breki kwa wepesi huvutwa na injini yenyewe inapovuta hewa. Dizeli haivuti hivyo. Kwa hiyo injini hizi za Toyota zina pampu ndogo ya kuvuta hewa iliyofungwa nyuma ya oltaneta, na mpira unaotoka pale kwenda kwenye buster ya breki. Fundi mwenye haraka akibadili injini na kufunga oltaneta nyingine yoyote aliyoiokota, isiyo na pampu hiyo, au akauacha mpira una ufa, taa zitawaka vizuri, betri itachaji vizuri, na siku ya kuteremka mlima pedali itakuwa ngumu kama jiwe la Kapripointi. Alisema amewahi kuletewa gari la namna hiyo likiwa limevutwa kwa kamba, na mwenye gari hakuwepo, alikuwa hospitali.

Ndipo wakaanza kubishana wao kwa wao, kijana na mtu mzima, kwa heshima lakini kwa ukali, na mimi nikapata elimu ya bure. Mtu mzima alisema injini za ukoo wa L, yaani L, 2L, 3L na 5L, ni ndugu wa tumbo moja. Gia boksi inayokubali moja inakubali nyingine, na kazi ya kufunga haitaki kuchomelea wala kukata chasisi. 3L ina ujazo wa 2,779, na 5L ina 2,986. Nguvu haziongezeki kwa kishindo, ni farasi kumi au zaidi kidogo, lakini mvuto wa chini, ule wa kupandia mlima na mzigo, unaonekana waziwazi. Hazina turbo wala kompyuta, na mtu ukiharibikiwa Bunda saa nne usiku unapata wa kukusaidia.

1KZ ni habari nyingine. Inataka waya zake, kompyuta yake, rejeta kubwa zaidi, klachi yake, na mara nyingi gia boksi yake. Na tukumbuke Hiace hizi injini haiko mbele kama pikapu. Iko chini ya viti vya dereva na mwenzake, imefunikwa kama chungu kwenye moto. Sifa mbaya inayojulikana ya 1KZ ni kwamba ikichemka, silinda hedi hupasuka. Ukiifunga injini yenye joto namna hiyo ndani ya boksi dogo, nyuma ya rejeta ya zamani iliyojaa kutu, unaiandalia maradhi yake. Kijana alijibu kwamba rejeta hununuliwa. Ni kweli, hununuliwa. Lakini katika bei aliyoitaja mwanzo rejeta haikuwamo, wala breki, wala klachi. Nadhani huo ndio ugonjwa wa gereji zetu nyingi: bei inayotajwa ni ya injini, na gari hugundulika baadaye.

Kabla ya kukata shauri, fundi mtu mzima alitaka vitu viwili. Kwanza alipima mgandamizo wa silinda, akakuta moja imelegea sana kuliko wenzake, na nozeli mbili zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Huo ndio ule moshi mweusi. Pili alimwambia mzee apeleke gari mizani pamoja na mzigo wake wote kama anavyosafiri. Walipima kwenye kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba. Gari lilizidi uzito unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati chake, kwa kilo 300 na zaidi. Tangi la maji peke yake, likijaa, ni lita 100, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mizunguko yote ile ya Tarime mzee alikuwa akipandisha mlimani maji ambayo angeweza kuyachota hapo hapo Tarime.

Jambo hili la uzito wa magari-nyumba si letu peke yetu. Marekani, miaka ya 1970 na 1980, kampuni za kutengeneza nyumba hizi zilichukua pikapu za Toyota, zikaziwekea nyumba mgongoni zenye kitanda, jiko na choo. Watu walizipenda kwa kuwa zilikuwa ndogo na hazinywi mafuta sana. Wote walilalamika kwamba injini ni dhaifu. Lakini kilichokuja kuleta hatari kilikuwa ekseli ya nyuma, ambayo haikutengenezwa kwa mzigo ule. Nyingine zilivunjika barabarani, na mwishowe magari mengi yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa ekseli nzito. Kumbe malalamiko ya wenye magari yalikuwa mbele, na hatari ilikuwa nyuma.

Afrika Kusini walifanya kwa njia nyingine, ambayo naiona ya busara zaidi. Wale mnaozikumbuka Kombi za Volkswagen, zilizojaa katika Afrika Mashariki yetu zikibeba watalii na abiria, mnajua zilivyokuwa wapole milimani. Huko Afrika Kusini kiwanda chenyewe kiliendelea kuzitengeneza zile za umbo la 1979 hadi mwaka 2002, na katika miaka ya mwisho kikaziwekea injini za Audi za silinda tano. Lakini waliofanya hivyo walikuwa wahandisi wa kiwanda, wenye uwezo wa kulipima gari zima kabla ya kulikabidhi kwa mtu. Nako Ujerumani mtu binafsi akifunga injini yenye nguvu kuliko ya awali, haendi nayo barabarani hivi hivi. Mkaguzi huitazama, breki zikiwemo, na mabadiliko huandikwa katika hati za gari.

Na sisi je? Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Ukibadili injini unatakiwa ukatoe taarifa, gari likaguliwe, na kadi isahihishwe. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973. Kwa hiyo kanuni zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama tumezizoea, lakini stika kwenye kioo haijui kilichofungwa chini ya kiti. Magari ya abiria yana LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Gari la mtu binafsi kama la Bwana Mifugo linaweza kubadilishwa injini mara tatu na hakuna ofisa atakayefunua boneti, mpaka siku ya ajali. Siku hiyo kila mtu hufunua.

Wapo watakaosema dawa ni kuzifunga gereji bubu. Sikubaliani nao. Yule fundi wa uji hana kibao, na ndiye aliyeuliza swali la breki. Nimeona gereji zenye kibao cha rangi tatu zisizouliza. Ninachopendekeza ni kitu rahisi: karatasi moja. Kila anayefunga injini ya saizi tofauti aijaze na kuitia sahihi: namba ya injini iliyotoka, namba ya iliyoingia, breki zimekaguliwa na nani, uzito wa gari ni kilo ngapi. VETA wana walimu wa kuwafundisha mafundi hawa kuijaza, na mkaguzi wa magari wa polisi aitake karatasi hiyo kabla kadi haijasahihishwa. Fundi anayejua jina lake limeandikwa mahali, atauliza habari ya breki.

Wengi mtataka kujua mzee aliamua nini. Alifunga 3L. Lakini pesa za kwanza kutoka mfukoni mwake zilikwenda kwenye breki: diski za mbele mpya, viatu vya nyuma, mipira yote, na mafuta ya breki ambayo fundi alisema yale ya zamani yalikuwa na rangi ya kahawa. Injini ya mtumba ilipokuja, mkanda wake wa taimingi ulitupwa kabla haijainuliwa kutoka chini, kwa kuwa hakuna anayejua ulitembea kilomita ngapi huko Japani. Rejeta ilisafishwa. Tangi la maji sasa linasafiri tupu. Mama alikataa jambo moja tu, kupunguziwa sufuria. Tarime wanapanda kwa gia ya tatu, na mzee hunung'unika kwamba kijana alimwahidi ya nne.

Ile 2L haikutupwa. Ilifanyiwa matengenezo ya ringi na nozeli, na mara ya mwisho niliiona Usagara inazungusha mashine ya kusaga.

Namalizia na barua ya msikilizaji wa Igoma, anayetaka kununua Hiace ya mkononi na anauliza atajuaje kama injini imebadilishwa. Ndugu yangu, omba kadi ya gari uishike mkononi. Tafuta namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini yenyewe, usitazame kibati wala maandishi ya rangi. Uifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka isomeke, kisha uilinganishe na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, haina maana gari ni la wizi au ni bovu, ila mwenye kuuza akasahihishe kadi kwa gharama yake kabla hujatoa shilingi. Wewe ndiye utakayeulizwa na polisi, na kama una bima kubwa, ndiye utakayebishana nayo siku ya kudai. Halafu kanyaga breki mara tano injini ikiwa imezimwa, mpaka pedali iwe ngumu. Iache mguu wako juu yake, uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, pampu ile ya oltaneta inafanya kazi. Isiposhuka, mrudishie mwenyewe ufunguo.